Kombe Liko Kabatini, Injini Iko Barabarani

Lancia ina mataji 10 ya watengenezaji katika mashindano ya dunia ya rali, na 6 kati ya hayo iliyatwaa mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992. Toyota nayo ilikaa Formula 1 tangu 2002 hadi 2009, ikamwaga fedha nyingi kweli kweli, ikafungasha virago bila kushinda hata mbio moja. Sasa nikuulize: ukiwekewa funguo mbili mezani, za Lancia ya zamani na Toyota ya umri huohuo, na una safari ndefu ya usiku peke yako, utachukua zipi?

Najua jibu lako. Hata shabiki kindakindaki wa Lancia hujibu hivyohivyo, ila yeye hucheka kwanza. Delta Integrale ya Lancia ni gari ninalolihusudu tangu zamani, mabega yale yaliyotuna na taa nne za mbele, na bado nisingeliamini liniwahishe uwanja wa ndege. Kampuni iliyotamba na gari lake la Stratos kwenye rali za miaka ya 1970 ndiyo hiyohiyo iliyojikuta Uingereza, mwaka 1980, ikiyanunua tena magari yake ya Beta kutoka kwa wenyewe, kwa sababu kutu ilikuwa imekula pale fremu inayobeba injini inapofungwa kwenye bodi.

Hapo mtu anaweza kusema mjadala umekwisha, mbio ni matangazo tu. Mimi sisemi hivyo. Kuna kambi mbili zinazobishana kuhusu jambo hili kila siku, na zote zinanichosha. Moja inasema kampuni isiyoshinda haijui kuunda gari. Nyingine inasema mbio hazina uhusiano wowote na gari la dukani. Zote mbili zinaangalia beji. Kwa maoni yangu mbio zinamhusu mnunuzi, tena sana, lakini kwa kiwango cha kifaa kimojakimoja: kifaa gani kilipita mbioni, kiliteswa kwa namna ipi, na kwa muda gani kabla fundi hajakifungua. Yanayobaki ni ya kutundika ukutani.

Chukua ushindi ninaoupenda kuliko mwingine wowote. Juni 1991, Mazda 787B namba 55, ya rangi ya chungwa na kijani, ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa kumaliza mizunguko 362. Johnny Herbert, aliyekuwa kwenye usukani mwishoni, alishuka akiwa hoi kiasi cha kushindwa kupanda jukwaani na wenzake. Injini yake ilikuwa ya rota nne, yaani vipande vya pembetatu vinavyozunguka, haina pistoni hata moja, na ilipofunguliwa baada ya mbio ilikutwa ikiwa bado na hali nzuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ya Japani kushinda mbio hizo.

Mtu akisikia habari hiyo, kisha akaona RX-8, gari la Mazda la barabarani lenye injini ya rota pia, inauzwa, akilini mwake huunganisha vitu viwili ambavyo haviungani. RX-8 ilianza kuuzwa 2003 na kwa miaka kadhaa iliwatesa wenyewe: sili za ncha za rota zikichoka, mgandamizo ukishuka, oili ikinyweka. Marekani ilifika mahali Mazda ikarefusha dhamana ya injini hadi miaka 8 au maili 100,000. Kwa nini rota zilizostahimili Le Mans zishindwe na safari ya kwenda kazini?

Kwa sababu safari ya kwenda kazini ni ngumu kuliko Le Mans, kwa namna yake. Injini ya 787B ilipashwa moto na mafundi, ikatolewa, ikakimbizwa ikiwa moto saa 24, ikazimwa, ikafunguliwa. RX-8 inawashwa asubuhi ikiwa baridi, inasogezwa mita chache ili jirani atoe gari lake, inazimwa. Petroli inabaki imelowesha plagi, na jioni ukiwasha haiwaki. Hakuna mbio duniani zinazopima kusogeza gari mita chache. Hakuna zinazopima injini kukaa wiki tatu bila kuguswa, wala mwenye gari kusahau kuangalia oili miezi mitatu.

Audi inanipa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 2001 gari lao la R8 lilishinda Le Mans likiwa na injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, teknolojia waliyoiita FSI. Ilikuwa teknolojia nzuri na bado ni nzuri, leo magari mengi sana yanaitumia. Audi wakaiweka kwenye magari ya barabarani, ikiwemo RS4 ile yenye V8 ya lita 4.2 inayopanda hadi mizunguko 8,000 na zaidi kwa dakika. Sasa, kwenye injini za zamani petroli ilipuliziwa nyuma ya valvu za kuingizia hewa, ikawa inaziosha kila zinapofunguka. Ukiipeleka petroli silindani moja kwa moja, valvu hazioshwi tena. Mvuke wa oili unarudi kupitia njia ya hewa, unatua pale, unaungua, unaganda.

Fundi akivua manifoldi, njia ya kuingizia hewa, ya RS4 ambayo haijawahi kusafishwa, utaona shina la valvu limevimba kwa tabaka jeusi lenye mabonde kama gome la mti wa kale. Ukilikwangua kwa kucha, linatoka vumbi linalonuka oili ya kale. Hulisafisha kwa kulipiga na maganda ya jozi yaliyosagwa, yanayorushwa kwa upepo wa kompresa, kwa sababu ni magumu kiasi cha kung'oa kaboni na malaini kiasi cha kutokwaruza chuma. Gari la namna hiyo hupoteza nguvu polepole sana hata dereva asijue. Na Le Mans isingeweza kuugundua ugonjwa huo kamwe: ndani ya saa 24 tabaka hilo halipati hata muda wa kuanza.

Halafu kuna hili la kumaliza mbio. Tunaona gari limevuka mstari Jumapili jioni, tunasema limedumu. Vyaelea, vimeundwa. R8 hiyohiyo ya Audi iliundwa ili sehemu yake yote ya nyuma, giaboksi pamoja na saspensheni, iweze kung'olewa na kuwekwa nyingine mpya kwa dakika chache, na walifanya hivyo katikati ya mbio wakashinda. Ni uhodari mkubwa wa uhandisi, lakini ukiutazama kwa jicho la mnunuzi, maana yake ni kwamba giaboksi ilikuwa inaharibika na kulikuwa na watu wenye nyingine mkononi.

Porsche ndiyo inayonifanya nisijiunge na wale wanaozidharau mbio. Ina ushindi wa jumla mara 19 Le Mans, kuliko kampuni nyingine yoyote; Audi ina 13. Basi chukua 911 ya kizazi kinachoitwa 996, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Carrera ya kawaida ilikuwa na injini mpya ya kupozwa kwa maji, M96. Ndani yake kuna shafti ya kati inayoendesha minyororo ya kamshafti, zile zinazofungua valvu, na mwisho mmoja wa shafti hiyo umeshikwa na beringi ya gololi iliyofungwa, isiyopata oili ya injini. Grisi yake ikiisha, gololi zinakula, shafti inayumba, mnyororo unaruka, valvu zinakutana na pistoni. Siyo kila gari lilipatwa na hayo, wala siyo wengi wao, lakini yalitosha kuzaa kesi Marekani na biashara nzima ya kuuza beringi mbadala.

Sasa tazama GT3 na Turbo za kizazi hichohicho, zinazotoka kiwanda kilekile na zenye umbo ambalo asiye mjuzi hatalitofautisha. Injini yao ni tofauti kabisa, inaitwa kwa jina la mhandisi Hans Mezger, na bloku yake ni ukoo mmoja na ile ya 911 GT1 iliyoshinda Le Mans 1998. Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, siyo kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, ili isikimbie upande mmoja gari likikata kona kwa kasi. Shafti yake ya kati huzungukia kwenye beringi bapa zinazolishwa oili kwa shinikizo. Ugonjwa ule wa M96 haikuwa nao. Hapa mbio zilimsaidia mnunuzi waziwazi, na aliyechukua GT3 alipata kitu kilichokuwa kimeteswa kwa miaka mingi na watu waliokuwa wakilipwa kukitesa.

Ila usishangilie mapema. Injini hiyohiyo ya Mezger ina viunganishi vya mabomba ya maji ambavyo vimebandikwa kwa gundi. Ndiyo, gundi. Baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa, gundi inachoka, kiunganishi kinachomoka, na maji yote ya rejeta yanamwagika mbele ya matairi ya nyuma. Wanaozipeleka kwenye viwanja vya mbio huvichomelea au huvifunga kwa pini kabla havijawaumbua.

Na mwaka 2013 ikaja GT3 mpya, kizazi cha 991, yenye injini mpya inayofika mizunguko 9,000. Mbili ziliwaka moto. Porsche ikagundua kwamba boliti za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, zilikuwa zinalegea, ikawaambia wenye magari wasiyaendeshe, kisha ikabadilisha injini za magari yote 785. Jina lilikuwa lilelile, GT3, na makombe yote ya Le Mans yaliyokuwepo wakati huo yalikuwa kabatini. Injini tu ndiyo ilikuwa nyingine. (Walivyolishughulikia lile tatizo nawapa heko, kampuni ngapi zingebadilisha injini zote?)

Ndiyo maana mtu akiniambia anataka "Porsche kwa sababu ya Le Mans", namuuliza injini ipi, ya mwaka gani, na kama hajui basi hajaanza kuchagua gari.

BMW wao walitumia Formula 1 kuuza ndoto, na wakaiuza vizuri. Kuanzia 2000 walikuwa wakiipa timu ya Williams injini za V10. Mwaka 2005 wakaleta M5 yenye V10 ya lita 5, farasi 507, sindano ya mizunguko ikipanda hadi 8,250. Ilibeba tuzo ya injini bora ya mwaka kimataifa, 2005 na tena 2006. Mlio wake hauna mfano kwenye gari la milango minne. Lakini fikiria jambo hili: mwaka huo wa 2005, sheria za Formula 1 zilikuwa zimekazwa hadi injini moja ikatakiwa kudumu wikendi mbili za mashindano, na hilo lilihesabiwa kuwa mtihani mgumu. Mwaka uliotangulia ilikuwa wikendi moja tu. Huo ndio ulimwengu uliokuwa ukitajwa kwenye matangazo ya gari ambalo mwenyewe anategemea limfikishe kilomita 200,000.

Ugonjwa unaojulikana wa V10 hiyo ni beringi za konrodi. Ukishusha sampu na kufungua kifuniko cha konrodi, beringi ni vipande viwili vyembamba vya nusu duara, na vikiwa vizima vina rangi ya kijivu iliyotulia. Vikianza kuchoka utaona mistari inayong'aa, halafu rangi ya shaba inachungulia katikati. Shaba ikionekana, hujachelewa, ila huna muda wa kupoteza. Wenye M5 wanaojua mambo hawasubiri kusikia injini ikigonga, huzibadilisha mapema kama mtu anavyobadilisha pedi za breki.

Ndugu yake mdogo, M3 ya V8 ya miaka ileile, ana maradhi ya ukoo huohuo. Linganisha na Lexus IS F, iliyouzwa karibu kipindi kimoja na M3 hiyo: V8 ya lita 5, kila moja kati ya magari hayo mawili ikizidi farasi 410. IS F haikuwa na historia ya kujivunia mbioni, na waliokuwa wakiandika habari za magari waliibeza kwa kukosa "damu". Leo ukiwauliza mafundi ni V8 ipi kati ya hizo mbili wasiyoiona mara kwa mara karakana, hawatafikiri mara mbili. Na M3 je? Mwaka 2012 BMW walirudi DTM, mashindano ya magari ya Ujerumani, wakatwaa ubingwa na gari lililoitwa M3, lenye fremu ya nyuzi za kaboni na giaboksi ya aina moja na ya wapinzani wao Audi na Mercedes. Cha dukani kilichobaki humo kilikuwa sura.

NASCAR, mbio za Marekani, ni hadithi hiyohiyo, sitaki kuirefusha: Toyota Camry inayoshindana kule ina V8 na inasukumwa na matairi ya nyuma. Jirani yako hana Camry hiyo.

Na kwenye mbio za GT3 (hapa ni jina la daraja la mbio, siyo la gari la Porsche), ambako magari angalau yanaanzia kwenye bodi halisi, waandaaji huwaongezea uzito wanaokimbia sana na kuwabana hewa ya injini ili wote walingane. Gari likishinda pale, unajua timu ilipanga vizuri na madereva hawakukosea. Kuhusu gari lenyewe unajua machache.

Mbio ninazozipa uzito ni za aina mbili. Kwanza ni zile zilizomlazimisha mtengenezaji awauzie watu kitu kilekile anachoshindania. Kundi A la rali lilitaka magari 5,000 yaundwe, baadaye ikashushwa hadi 2,500, kabla gari halijaruhusiwa kushindana. Hapo kampuni haiwezi kuficha turbo dhaifu kwenye gari la mteja na kuweka nyingine kwenye la bingwa kirahisi. Tommi Mäkinen alichukua mataji manne mfululizo, 1996 hadi 1999, kwa Lancer Evolution, na Mitsubishi iling'ang'ania sheria za Kundi A hata wenzake walipohamia sheria mpya za 1997. Injini ya 4G63 ndani yake, bloku ya chuma kizito, ilikuwa imeanza kuteswa kwenye rali tangu Galant VR-4 mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari la namna hiyo linarithi vitu vya maana: rejeta kubwa, njia za oili zilizofikiriwa, breki zisizolegea kwenye mteremko mrefu. Magari ya kasi huuawa na joto kuliko kitu kingine, na joto ndilo somo ambalo mbio hulifundisha vizuri.

Aina ya pili ni mbio za watu wanaojilipia wenyewe. Mashindano ya MX-5 Cup hutumia injini zilizofungwa kwa lakiri ili asiwepo wa kuzichokonoa. Mtu anayeshindana kwa fedha yake hana giaboksi ya akiba kila kona, na anachosema kuhusu kipi kilivunjika na baada ya muda gani nakiamini kuliko tangazo lolote.

Lakini hata hapo kuna mtego, na huu ndio ninaotamani wanunuzi wauelewe. Ushindi huchagua wamiliki. Nissan Skyline GT-R ya R32 ilishinda mbio zote 29 ilizoshiriki katika mashindano ya Kundi A ya Japani, 1990 hadi 1993. Subaru walitwaa mataji matatu ya watengenezaji katika rali ya dunia, 1995 hadi 1997. Matokeo yake ni kwamba magari hayo yalinunuliwa na watu waliotaka kuwa Colin McRae, dereva wa rali wa Subaru. Yakaongezewa presha ya turbo, kompyuta zikachezewa, klachi zikachomwa, yakauzwa, mwingine akaongeza tena. R32 za mwanzo zina udhaifu pale krenki inaposhikana na pampu ya oili, jambo ambalo mtu mpole angeweza asiligundue miaka mingi, lakini gari la bingwa halipati mmiliki mpole. IS F nyingi zilinunuliwa na watu wazima waliozipeleka sevisi kwa wakati na kutunza risiti. Kombe linaweza kuwa limeharibu gari unalolitazama, na siyo kwa kosa la aliyeliunda.

Kwa hiyo nikiwa mbele ya gari la kasi lililokwisha tumika, nataka injini iwe baridi kabisa nikifika. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, narudi siku nyingine. Nataka chujio la oili likatwe na karatasi yake ifunguliwe mezani, nione kama kuna chembe zinazometa. Nataka mgandamizo upimwe silinda kwa silinda. Naangalia boliti zilizofunguliwa na kufungwa mara nyingi, maana rangi huondoka kwenye pembe zake na hazidanganyi. Swali la nani alishinda wapi sijaliuliza bado, na mara nyingi siliulizi.

Jamaa yangu mmoja ameishupalia M5 ya V10, na sababu yake ya kwanza, anayoirudia kila tukizungumza, ni Formula 1. Nilimweleza habari za wikendi mbili, akanyamaza kidogo, akaendelea kunitumia picha. Nimemwambia ainunue basi, lakini beringi za konrodi zibadilishwe kabla hajaiendesha mwezi wa kwanza, na gharama hiyo aihesabu kuwa sehemu ya bei ya kununulia. Amekubali. Kuhusu mlio wake ikifika mizunguko 8,000, hapo sikuwa na la kubisha.